Uzi: Nilificha umama wangu kazini, na makarani wangu wakajifunza kunificha makosa

Mvuka Feri (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo, kina mama na ndugu zangu. Wiki iliyopita niliketi kwenye feri na dada mmoja ambaye amepandishwa cheo akiwa bado yuko likizo ya uzazi, na tangu apewe barua hiyo usingizi umemruka. Nilimsimulia yaliyonipata, tukafika ng'ambo kabla sijamaliza, naye akaniomba niyaandike. Nitaandika kwa kirefu, maana jambo lenyewe limenichukua miaka saba kulielewa.

Ninaishi Likoni, ng'ambo ya kusini ya feri hapa Mombasa, Kenya, na ninafanya kazi Shimanzi, katika kampuni ya kupitisha mizigo forodhani, ambako mimi ni mkuu wa kitengo cha hati. Nilianza nikiwa karani wa kupeleka makaratasi dirishani, na nilipokabidhiwa usimamizi wa makarani tisa mwanangu wa pili alikuwa na miezi minne. Wakati huo nilikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyenifundisha kwa maneno, ila niliichota kwa kutazama: kwamba mama akishaonekana kuwa mama ofisini, amekwisha. Kwa hiyo nilijificha. Nilivuka feri saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nifike kabla ya watu wote, sikuweka picha ya watoto mezani, na mtoto alipougua niliwaambia kwamba matatu imeharibika njiani.

Maziwa niliyakamulia chooni. Komeo la mlango lilikuwa limekatika, kwa hiyo niliketi juu ya kifuniko na kuuzuia mlango kwa mguu mmoja, chupa nimeishika kwa mkono wa kushoto huku nikisikiliza nyayo za wanaopita nje. Nikimaliza niliitia chupa ndani ya bahasha ya kaki, kama hati nyingine yoyote, nikapita nayo katikati ya meza za makarani wangu. Anayeujua mji huu mwezi wa Februari na Machi anajua joto lake, ambalo hupita nyuzi 30 mchana, ilhali maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa nne tu nje ya friji, na hapo joto liwe halizidi nyuzi 25. Jioni nilipofika nyumbani mara nyingi niliyamwaga. Siku za kwanza nililia nikiyamwaga. Baadaye nikawa nayamwaga huku nawaza habari za kesho, na ninapokumbuka kipindi kile ni hilo linaloniuma zaidi.

Niliyojidai mwenyewe niliwadai na wengine, tena kwa ukali, kwa sababu anayejinyima hukasirika akimwona mwenzake akijihurumia. Karani mmoja wa kike, ambaye pia anakaa upande wa kusini, alifika siku moja amechelewa dakika arubaini. Feri moja ilikuwa imetolewa kazini na foleni ilikuwa ndefu. Nilimwambia mbele ya wenzake wote: "Feri si sababu. Mimi nakaa Likoni na nimefika." Alikwenda kuketi na mkoba wake bado uko begani, akafungua faili, na hakuuvua ule mkoba mpaka saa nne.

Wiki mbili baadaye lori lilikwenda kuchukua kontena la mteja wetu bandarini likarudishwa langoni. Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia ili makosa ya kuandika yanaswe mapema. Katika barua tuliyompa msafirishaji tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Karani aliyeiandika, yule yule wa feri, aliligundua kosa lake Jumanne jioni. Mimi nililijua Ijumaa. Kati ya siku hizo mbili, siku ambazo mzigo huhifadhiwa bure ziliisha, ada ya kuhifadhi mzigo ikaanza kuhesabiwa, na mteja akapiga simu moja kwa moja kwa mkurugenzi.

Kwenye kikao mkurugenzi aliuliza ni nani. Jina lilikuwa mdomoni mwangu. Sijui kwa hakika ni kitu gani kilinizuia kulitoa, ila nilikumbuka ule mkoba begani, nikasema kwamba kosa limetoka kitengoni kwangu, na kwamba limechelewa kunifikia kwa sababu watu wangu wananiogopa, na hilo nitalirekebisha mimi. Nimekaa vikao vingi kabla na baada ya hapo, lakini ninaamini kwamba siku ile ndiyo niliyoanza kuongoza, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kusema jambo la kweli kuhusu nafsi yangu mbele ya watu wanaoweza kunidhuru nalo. Mkurugenzi alinitazama, akaandika kitu, akasema tuendelee na ajenda nyingine.

Mchana nilimwita yule karani tukaketi nje, chini ya mwembe ulio karibu na lango, nikamuuliza kwa nini hakuniambia Jumanne. Alinijibu kwa heshima kabisa: "Ningekwambiaje, bi mkubwa, na siku ile ya feri hukuniuliza hata nimeamkaje?" Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekesha na mtoto mwenye homa. Yaani alikuwa ametoka katika usiku ule ule ambao mimi nilikuwa nikiupitia na kuuficha, nami nikamwadhibu kwa kushindwa kuuficha kama mimi.

Nilimwomba radhi pale pale. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya wale wale wanane walioshuhudia, kwa sababu niliona si haki aibu niliyomtia hadharani niifute faraghani.

Baada ya hapo nilibadilisha mambo machache. Kila asubuhi tunasimama pamoja dakika kumi na kila mmoja anataja kilichokwama mkononi mwake, nami huanza kwa kutaja changu. Kosa linalosemwa siku lilipotendeka halina adhabu, tunalitengeneza pamoja. Kosa linalofichwa lina barua ya onyo. Nilipohudhuria mafunzo ya usimamizi baadaye nilikuta kwamba mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, aliliona jambo kama hili katika wodi za hospitali miaka ya 1990: alitarajia kukuta kwamba timu zenye uongozi mzuri zina makosa machache ya dawa, akakuta kwamba zina makosa mengi zaidi kwenye daftari, kwa sababu wauguzi wa timu hizo hawakuogopa kuyataja. Nilipolisikia nilitamani ningekuwa nimelijua kabla ya lile kontena.

La mwisho ni chumba. Nitalieleza nikiulizwa, maana nimeandika sana.

Nahodha Mstaafu

Binti yangu, nimesoma yote na nimekuheshimu kwa kumwomba radhi mdogo wako hadharani. Wako wanaume wazima niliofanya nao kazi majini miaka thelathini ambao hawakuliweza hilo. Hata hivyo nina neno. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nimeona mabosi wapole ambao kila mtu alikuwa na udhuru kwao, na mwisho kazi ikawaangukia wale wachache wasiopenda kulalamika, nao wakachoka wakaondoka. Huruma hiyo unaiwekea mpaka wapi?

Mvuka Feri

Shikamoo, mzee wangu. Umeuliza pale pale panaponihitaji nijieleze.

Baada ya mabadiliko yale nilikuwa na karani mmoja wa kiume ambaye alijifunza haraka kwamba mimi husikiliza. Kila mwisho wa mwezi, kazi inapokuwa nyingi, alipatwa na msiba au ugonjwa wa jamaa. Nilimwamini mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na kama usemavyo, mafaili yake yaliwaangukia wawili wasiopenda kulalamika. Mmoja wao alikuja akaniambia waziwazi kwamba huruma yangu kwa yule inalipwa na yeye. Maneno hayo yalinifunza zaidi ya mafunzo yoyote niliyohudhuria, kwa sababu mpaka hapo nilidhani kwamba ninayemhurumia ni yule aliye mbele yangu tu.

Nilimwita yule wa misiba, nikamwonyesha daftari la siku alizokosa, nikamsikiliza, nikampa barua ya onyo na mwezi mmoja. Aliporudia nililipeleka suala lake kwa wakubwa kwa utaratibu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoielewa, na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama awepo, kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa utendaji mbaya. Nilisimamia kila hatua. Aliondoka, na usiku ule sikulala vizuri, ila sikuwa na shaka. Zamani nilikuwa mkali na mwenye shaka kwa wakati mmoja: nilipaza sauti kwa sababu sikuwa na hakika. Sasa nikisema hapana huisema kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimeketi, na watu wanajua kwamba haitabadilika kesho.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Nimeridhika. Yule aliyekuja kukwambia ukweli, mtunze.

Mama Mapacha

Salaam dada Mvuka Feri. Mimi ni msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na ninao wanawake kumi na wanne chini yangu, wengi wao wakiitwa kazini wageni wanapokuwa wengi na kupumzishwa msimu wa mvua. Ninakubaliana nawe, lakini kuna mtu ambaye hujamtaja hata mara moja. Ulipovuka feri saa kumi na moja na nusu, mtoto wa miezi minne uliachia nani?

Sikuulizi kwa ubaya. Ninauliza kwa sababu mimi niliwahi kujisifu kwamba ninawaelewa wafanyakazi wangu wa hotelini, ninajua ni nani ana mtoto anayesoma na ni nani anamuuguza mama, kumbe dada anayenilelea mapacha sikuwa najua hata kwao ni kijiji gani. Alikuwa akiamka kabla yangu na kulala baada yangu. Siku aliyoniomba ruhusa ya kwenda kumwona mwanawe, nilimwambia asubiri wageni wa Desemba waondoke, kisha nikaenda kazini kuwahimiza wasimamizi wenzangu wawe na utu. Yeye pia ni mama aliyeajiriwa, na mwajiri wake nilikuwa mimi. Nilipolitambua hilo nililia, kisha nikaketi naye tukaandika makubaliano: siku yake ya mapumziko kila wiki, saa yake ya kumaliza kazi, na nauli ya kwenda kwao mara tatu kwa mwaka. Nyumba yangu haikuanguka.

Mvuka Feri

Mama Mapacha, umenigusa mahali ambapo nilikuwa nimepafunika hata katika uzi huu. Nilimwachia binti wa miaka ishirini na mbili kutoka Kinango, na nilimlipa kwa kuchelewa miezi miwili mfululizo nikisema atavumilia, kwa kuwa ni mtu wa nyumbani. Jumla ya miaka aliyonilelea watoto ni minne. Alipoondoka kwenda kuolewa nilimnunulia zawadi nzuri, lakini ile mishahara iliyochelewa sikuwahi kumwomba radhi kwa ajili yake. Namba yake ninayo. Nitampigia leo.

Binti Kisauni

Ni mimi yule wa kwenye feri. Ahsante, dada, kwa kutimiza ahadi. Ninarudi kazini Jumatatu ijayo. Mtoto atakuwa na miezi mitatu na siku chache, na ninaambiwa nitaongoza watu sita, wanne kati yao wamenizidi umri. Kwa miaka minne nimekuwa msaidizi wa mkuu wa idara na sikuwahi kukaa kiti chenyewe. Nina mambo mawili ya kuuliza. La kwanza, ule uzoefu wa usaidizi unatosha? La pili ni kile chumba ulichokitaja mwishoni. Nataka kukiomba ofisini kwetu, na ninaogopa kwamba neno langu la kwanza nikiwa mkubwa litakuwa ombi la maziwa.

Mvuka Feri

Karibu, mdogo wangu. Nianze na la kwanza, kwani ni fupi. Jirani zetu wa Kwale wana gavana, Fatuma Achani, ambaye alikuwa naibu gavana tangu 2013, akakaa katika kiti hicho vipindi viwili kabla ya kuchaguliwa kuwa gavana 2022. Mwaka ule wa 2013 hakuna kaunti hata moja nchini iliyochagua mwanamke kuwa gavana. Mwaka 2017 walichaguliwa watatu, na 2022 wakawa saba. Msaidizi huona faili zote na makosa yote ya mkubwa wake bila kubeba lawama zote. Miaka minne ya kutazama hivyo ni shule. Kwa wale waliokuzidi umri, waamkie kama unavyowaamkia siku zote, kisha wagawie kazi. Heshima ya shikamoo haikuondolei mamlaka hata kidogo, na wengi wao watakusaidia zaidi wakiona kwamba cheo hakijakubadilisha salamu.

La pili. Kwanza ujue kwamba huombi hisani. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa cha kupoza, umeme, meza ndogo na viti vya kukalia kwa raha, na imekataza waziwazi kisiwe chooni. Niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya kwa muda. Kifungu cha 72 kinampa mama anayenyonyesha muda wa mapumziko mbali na ule wa chakula, ambao kwa jumla hauzidi saa moja katika kila saa nane za kazi, na muda huo unahesabiwa kuwa wa kulipwa. Sheria ya Ajira nayo imekupa miezi mitatu ya likizo yenye mshahara kamili na haki ya kurudi katika kazi yako au nyingine inayokufaa isiyo na masharti duni kuliko uliyoiacha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Toa tatu kwenye sita, hiyo miezi mitatu inayobaki ndiyo kazi ya kile chumba.

Pili, usiombe kwa ajili yako peke yako. Hesabu ni wanawake wangapi hapo ofisini wana watoto wadogo au wajawazito, pima chumba kisichotumika, uliza bei ya friji ndogo, andika ukurasa mmoja. Sisi tulipewa stoo ya mafaili ya zamani. Nilimwambia mkurugenzi: "Nimepoteza makarani wawili wazuri baada ya kujifungua, na kumfundisha mpya kunanichukua miezi sita. Hiki chumba ni rahisi kuliko hayo." Nilisema maneno hayo na sikuongeza mengine. Zamani ningejieleza mpaka nijiharibie.

Mama Mapacha

Naongeza kwa wale ambao kazi yao haina ofisi. Kwetu tulitumia chumba kimoja cha wageni kilichoharibika kiyoyozi, tukaweka ndoo ya barafu kutoka jikoni. Mpishi mkuu alikuwa wa kwanza kukubali. Mke wake ananyonyesha.

Binti Kisauni

Nimerudi baada ya siku kumi. Jumatatu niliwaamkia wote, kisha nikawaambia ukweli: kwamba nina mtoto wa miezi mitatu, kwamba saa tano na saa tisa nitakuwa sipo mezani kwa dakika ishirini na tano kila mara, na kwamba yeyote mwenye jambo kama langu nyumbani aniambie mapema ili tupange kazi. Kulikuwa kimya. Kisha mzee mmoja, ambaye ndiye niliyemwogopa kuliko wote, alisema kwamba mkewe anasafishwa figo Jumanne na Ijumaa na amekuwa akitoroka ofisini mwaka mzima kwa kumtuma mlinzi amsainie. Mwaka mzima, dada. Nilikuwa msaidizi wakati huo na sikujua. Tumempangia kazi zake za siku hizo ziwe za asubuhi, na ile habari ya kusainiwa imekwisha tangu siku hiyo.

Ule ukurasa mmoja nimeupeleka. Meneja ameusoma mara mbili, akaniuliza kama nina uhakika na kifungu cha 71, nikamwonyesha. Ametoa kile chumba kilichokuwa cha mashine mbovu ya kunakili. Sasa anauliza friji iwe ya ukubwa gani na nani akae na ufunguo.

Mvuka Feri

Alhamdulillahi. Nimemsomea mume wangu hayo ya mzee, akanyamaza kwa muda mrefu.

Friji yetu inanifika kiunoni, inatosha chupa za watu watano, kila mmoja ameandika jina na saa kwenye gundi ya karatasi. Ufunguo usikae kwa meneja, wala usikae kwako. Kwetu unakaa na yule karani wa mkoba, kwenye droo yake ya juu, na mama mgeni akija kazini ni yeye anayempeleka kumwonyesha.

Na yule binti wa Kinango nilimpata. Ana mtoto wa miezi mitano. Tulizungumza hadi salio likaisha, nikanunua jingine nikampigia tena.